Wajerumani walimnyonga Bushiri Pangani, leo wanazunguka dunia wanapinga kunyonga. Hii imekaaje?

#1 Mwana_Pangani
Wakuu kwema?

Kila ikifika tarehe 10 Oktoba naona Umoja wa Ulaya wanatoa tamko la kupinga adhabu ya kifo, na Wajerumani huwa hawakosi, wanasema wanaipinga popote duniani, kosa lolote lile, awe gaidi awe muuza unga. Na siyo tamko tu. Wanawaandikia Wamarekani, wanawabana Wairani, wanamuombea mtu asiuawe hata kama siyo raia wao.

Sasa mie kwetu Pangani. Kule mtoto akianza tu kusoma anaijua habari ya Bushiri bin Salim, kapigana na Mjerumani mwaka na kitu, akasalitiwa, akanyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Babu yangu alikuwa anatuonyesha mti aliotundikwa. Babu wa jirani naye alikuwa na mti wake, mwingine kabisa, upande wa pili wa mji, na wazee wale wawili wamekufa hawasemeshani kwa ajili ya mti.

Swali langu: mtu aliyetuletea kitanzi anapata wapi uso wa kutuambia kitanzi kibaya? Ni toba? Ni biashara? Au kuna kitu sikijui? Karibuni.

#2 Kimanumanu
Mkeka nimeshatandika, kahawa ipo, kashata zipo. Wajuzi waje.

#3 chizi_wa_forodhani
Mtoa mada unatupiga fiksi, Bushiri alinyongewa Bagamoyo. Nimefika mwenyewe, pale karibu na ufukwe pameandikwa kabisa ni mahali pa kunyongea pa Wajerumani.

#4 Mwana_Pangani
@chizi_wa_forodhani Bagamoyo walinyongwa watu ndiyo, na hapo unapopasema papo, ila siyo Bushiri. Bushiri ni Pangani. Hadi leo wilaya yetu ina kata inaitwa Bushiri, nyie mna kata gani? Na nikuongezee utamu, mwaka 1888 Bushiri alimkamata yule Hans Meyer aliyekuja kuupanda Kilimanjaro, yeye na mwenzake Baumann, akawatia minyororo. Angeweza kuwachinja. Akawaachia wakalipa fidia wakaenda zao, na Meyer mwaka uliofuata ndo akafika kileleni. Zamu ya Bushiri ilipofika hakuna aliyeuliza fidia shilingi ngapi.

#5 Wakili_Chumbageni
Mtoa mada uzi mzuri ila umechanganya vitu. Serikali ya 1889 siyo hii ya leo. Ujerumani walifuta adhabu ya kifo 1949, ibara ya 102 ya katiba yao, kasentensi kamoja kafupi, adhabu ya kifo imefutwa, basi, hakuna "isipokuwa". Walikuwa wametoka kwa Hitler, mahakama zilikuwa zinaua watu kwa maelfu tena kwa sheria iliyopitishwa na mihuri yake, mtu anakatwa kichwa kwa kusema tu vita hii tutashindwa. Aliyeyaona hayo kwa macho akisema serikali isikabidhiwe tena kisu mimi namuelewa sana. Kwa hiyo jibu langu ni toba, tena toba ya kwao wenyewe, Bushiri hayumo kwenye hesabu.

#6 Fundi_Makorora
Mi nilikuwa najua wamefuta 1990 ukuta ulipobomoka

#7 Wakili_Chumbageni
Hapana fundi. Magharibi 1949, Mashariki 1987, ukuta haujaanguka bado. Halafu kuna kichekesho, jimbo lao moja linaitwa Hessen katiba yake ya jimbo ilibaki na adhabu ya kifo kwenye maandishi hadi 2018 wakapiga kura ya kuitoa. Haikuwa inafanya kazi maana katiba ya nchi iko juu, lakini karatasi ilikuwepo miaka yote wanawahubiria wengine 😂

#8 chizi_wa_forodhani
hahahaha kumbe walikuwa kama sisi, sheria ipo kabatini

#9 Msomaji_wa_Usiku
Wakili umesimulia nusu tamu, nusu chungu umeifunika na kawa. Mmoja wa waliopendekeza ile ibara 1949 alikuwa Seebohm, mwanasiasa wa chama cha mrengo wa kulia, na wanahistoria wengi wanasema sehemu ya hesabu ilikuwa kuwaokoa watu wa Hitler waliokuwa gereza la Landsberg wakisubiri kitanzi cha Wamarekani. Serikali mpya ya Adenauer ikawa inawabembeleza Wamarekani, jamani sisi katiba yetu imeshafuta, na nyie msiwanyonge. Wengi wakapunguziwa. Saba wa mwisho walinyongwa Juni 1951. Sasa piga picha, kati ya barua zao za mwanzo kabisa za kuombea mtu asiuawe na dola nyingine, zilikuwa za kuwaombea wauaji wakubwa. Toba hiyo?

#10 Kimanumanu
Uwiiii. Wakili njoo huku.

#11 Wakili_Chumbageni
Siyakatai hayo. Lakini kuna wabunge wa upande wa pili nao waliiunga mkono kwa sababu zao, tena wengine walikuwa wamefungwa na Hitler huyohuyo. Sheria moja, kila mtu kaingia na mzigo wake. Ndo siasa.

#12 Mgosi_wa_Kaya
Mnazunguka mbali. Ni kulinda watu wao tu. Mzungu akikuombea wewe ujue kuna wa kwake nyuma yako.

#13 Wakili_Chumbageni
@Mgosi_wa_Kaya hapo una pointi, ngoja niiweke nyama.

Kulikuwa na ndugu wawili, Karl na Walter LaGrand, wamezaliwa Ujerumani wakachukuliwa wadogo kwenda Marekani. 1982 wakaenda kuiba benki Arizona, meneja akauawa, wakahukumiwa kifo. Sasa kuna mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 36, polisi wakikukamata nchi ya watu lazima wakuambie bila kuchelewa una haki ubalozi wako ujulishwe. Hawa hawakuambiwa. Ujerumani wanakuja kushtuka miaka imeshakatika. Karl kauawa Februari 1999. Walter alikuwa wa tarehe 3 Machi, Ujerumani ikaikimbilia Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hague, dakika za majeruhi, mahakama ikatoa amri siku hiyohiyo asiuawe kwanza, na siku hiyohiyo Arizona wakamuingiza kwenye chumba cha gesi. Chumba cha gesi, na mtu mwenyewe Mjerumani, fikiria huko kwao hiyo habari ilisomekaje.

2001 mahakama ikasema Marekani ilikosea. Walter yuko kaburini. Ila hukumu ilisaidia, 2004 Mexico nao wakaenda kwa ajili ya watu wao 51 wakashinda vilevile. Texas ikamuua mmoja wao 2008 kama haijasikia kitu.

#14 Fundi_Makorora
Kwa hiyo wameshinda kesi na watu wamekufa. Hiyo ni kama Coastal Union yetu ya Tanga, tumecheza vizuri tumefungwa.

#15 Mgosi_wa_Kaya
We fundi Coastal imekuingiaje humu?? Kwanza we ni African Sports, wana Kimanumanu damu, tunakujua

#16 Fundi_Makorora
Mi shabiki wa welding tu

#17 Mnguu_wa_Kilindi
Nimesoma toka juu nimenyamaza lakini wacha niseme. Baba yangu aliuawa kwa panga kwa ajili ya mpaka wa shamba, kule kwetu Kilindi, mimi darasa la sita, aliyemuua ni mtu tuliyekuwa tunamwamkia shikamoo kila siku na siku mbili kabla alikuja nyumbani kuazima jembe, hilo jembe hadi leo halijarudi. Kesi imekwenda miaka, mama anauza mbuzi apate nauli ya kuja Tanga mahakamani, anafika anaambiwa shahidi hajaja rudi tarehe fulani, mwisho wakamhukumu kunyongwa. Mama akasema sasa nalala. Hajanyongwa mpaka kesho. Mama kafa anasubiri, kila taarifa ya habari ya redio anasogeza kiti. Sasa mnaniambia mabalozi wamekaa mahali wameandika tamko la kumuombea. Sawa. Kuna hata mmoja aliyewahi kuja Kilindi akamuuliza mama yangu umekula nini leo? Wanajua jina la muuaji na tarehe ya hukumu yake, la baba yangu hawalijui. Mimi siombi damu ya mtu, nishakua, nina watoto, lakini msinifundishe huruma.

#18 Kimanumanu
Pole sana kaka. Hapa sina utani.

#19 BiChuda
Pole mwanangu. Mungu amrehemu baba na mama. Hilo la jembe limenichoma.

#20 MzeeBaraza
Asalaam aleikum. Mimi nilikuwa mzee wa baraza Mahakama Kuu vikao vya hapa Tanga, miaka hiyo bado wazee wa baraza tunakaa na jaji kila kesi ya mauaji. Nawaambia nilichokiona. Jaji akishasema mshtakiwa ana hatia ya kuua kwa kukusudia, hana la kuchagua, sheria yetu inasema kunyongwa tu. Wakili atasimama atasema mteja wangu ana watoto wadogo, jaji anaandika, lakini anaandika kazi bure, wote mle ndani tunajua. Kesi moja kijana kahukumiwa, jaji katoka, askari wanamshika mkono, kijana akawa ameinama anatafuta kandambili yake moja imeteleza chini ya kizimba. Karani akamwambia iache. Akasema hapana nitatembeaje. Askari wakasimama wakamngoja akaipata. Nilirudi nyumbani Mikanjuni siku ile sikula.

Lakini @Mnguu nilishawaona na kina mama kama wako wamekaa kwenye benchi la nje, na wao sikuwasahau.

#21 Msomaji_wa_Usiku
Shikamoo mzee. Hiyo ya jaji kukosa la kuchagua ndo ilitupeleka Mahakama ya Afrika pale Arusha, kesi ya Ally Rajabu na wenzake, Novemba 2019 mahakama ikasema adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya uhai. Na kabla ya hapo Jaji Mwalusanya wa Dodoma 1994, kesi ya Mbushuu, alisema adhabu yenyewe inapingana na katiba yetu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, halafu ikasema lakini katiba inairuhusu. Hukumu ya Mwalusanya Wasauzi waliisoma walipokuwa wanaifuta ya kwao 1995. Yaani hoja imezaliwa Dodoma ikaenda kuolewa Johannesburg.

#22 chizi_wa_forodhani
"kuolewa Johannesburg" 😂😂 huyu msomaji alale sasa

#23 Mwana_Pangani
Sasa hapo ndo mnanichanganya zaidi. Sisi wenyewe hatunyongi toka enzi za Mzee Ruksa, rais Mwinyi, Magufuli 2017 siku anamwapisha Jaji Mkuu akasema hadharani yeye hawezi kusaini, asipelekewe. Desemba ile akasamehe watu kibao, 61 kati yao walikuwa wa kunyongwa. Kwa hiyo kwa vitendo tuko na Mjerumani, kwa karatasi hatuko naye. Kwa nini tusifute tukamaliza?

#24 Mgosi_wa_Kaya
Kwa sababu nani anataka kuonekana kaambiwa na Mzungu? Hiyo ndo shida ya haya matamko. Likitoka kwa balozi, hata anayekubaliana nalo anakaa kimya asionekane kibaraka. Wangenyamaza tungeshafuta zamani.

#25 Wakili_Chumbageni
Hapana mgosi, mbona wenzetu wamefuta na hawajaitwa vibaraka? Sierra Leone 2021, Zambia 2022, Ghana 2023 kwa makosa ya kawaida, Zimbabwe mwisho wa 2024 chini ya Mnangagwa ambaye yeye mwenyewe miaka ya 60 alihukumiwa kifo na serikali ya Wazungu wa Rhodesia akanusurika kwa sababu ya umri. Huyo alihitaji kufundishwa na balozi?

Rwanda ndo somo kabisa. 2007 walifuta, na sababu kubwa ilikuwa watuhumiwa wa mauaji ya kimbari. Ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari iliyokuwa Arusha haikuwa tayari kuwahamishia kesi kama mtu anakwenda kunyongwa, na nchi za Ulaya zilikuwa zimewashika wengine hazitaki kuwatoa. Wanyarwanda wakapiga hesabu, tubaki na kitanzi tukose watu, au tutupe kitanzi tuwapate watu. Wakatupa.

#26 Kimanumanu
Hiyo akili. Ila kumbe nchi ya mtu inaweza kugoma kumtoa muuaji sababu ya hilo tu?

#27 Wakili_Chumbageni
Tena kisheria. Soering, Mjerumani, mtoto wa mwanadiplomasia, alituhumiwa kuwaua wazazi wa mpenzi wake Virginia 1985, akakamatwa Uingereza. 1989 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema Uingereza ikimtoa bila ahadi itakuwa inamtesa, kule kusubiri kifo tu kwa miaka ni mateso. Ikabidi Marekani waahidi hawatamuua. Akafungwa hadi mwisho wa 2019 wakamrudisha kwao.

Na yupo wetu. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, ule mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar tarehe 7 Agosti 1998. Alijificha Cape Town, Wasauzi wakamkabidhi FBI 1999 fastafasta bila kuomba ahadi. Mei 2001 Mahakama yao ya Katiba ikaisema serikali yao vibaya sana, mmevunja katiba yetu. Kesi New York ilikuwa bado inaendelea, na mwisho akapewa kifungo cha maisha.

#28 Mnguu_wa_Kilindi
Watu kumi na moja walikufa Dar siku ile wakili. Wengine walinzi tu. Unaona ninachosema? Katika hadithi yote hiyo umemtaja yeye tu.

#29 Wakili_Chumbageni
Umenishika kaka. Sina jibu.

#30 Msomaji_wa_Usiku
Na sisi tusijitie weupe. Ochuka wa jaribio la mapinduzi ya Kenya 1982 alikimbilia Dar kwa ndege ya jeshi, sisi tukamrudisha 1983 tukijua kinachomsubiri, na wao wakatupa watu wetu tuliokuwa tunawataka kwa jaribio la hapa. Tukabadilishana watu kama wachuuzi wa mitumba. Kenya wakamnyonga 1987, na baada ya mwaka huo hawajanyonga tena.

#31 Shemboza_Mlola
Nimechelewa, bando liliisha. Mtoa mada #1 umesema Mjerumani ndo alituletea kitanzi. Kamba labda kaileta yeye, kuua hapana. Sisi Wasambaa mfalme wetu Kimweri, Simba Mwene, alikuwa na amri ya uhai na kifo juu ya kila mtu milimani, tena mtu akikimbilia kwake akajikabidhi alikuwa anaweza kupona akawa mtu wa mfalme. Kuua na kuponya vilikuwa mkono mmoja. Mjerumani kaja na karani wa kuandika tu.

#32 Mwana_Pangani
Hapo nimekubali mzee wa Mlola. Nafuta kauli nusu.

#33 Ust_Abuu
Nimeona mmetaja kila kitu mmeacha dini. Kwenye sheria yetu kisasi ni haki ya familia ya aliyeuawa, siyo ya serikali, na familia ikisamehe au ikichukua diya mtu anaachiwa, na aya ya 178 ya Suratul Baqara inaita hiyo tahfifu na rehema kutoka kwa Mola. Kwa hiyo @Mnguu kwa sheria hiyo angeulizwa mama yako. Siyo balozi, siyo rais.

Mfano wa karibu, yule Mkenya Stephen Munyakho, kamuua mfanyakazi mwenzake Myemeni Saudia 2011, akawa wa kunyongwa.

#34 chizi_wa_forodhani
Ustadh Saudia hawanyongi, wanakata kwa upanga

#35 Ust_Abuu
Ahsante, wa kukatwa. Tarehe ilikuwa ishapangwa Mei 2024. Serikali ya Kenya ikaingia kuomba isogezwe, ikasogezwa, familia ya marehemu ikakubali diya riyali milioni 3.5, mama mzazi wa Munyakho akahangaika na michango miaka, mwisho jumuiya ya Kiislamu ya kimataifa ya hukohuko Saudia ikamalizia, Julai 2025 akatoka. Na Kenya haikwenda kusema adhabu yenu ya kishenzi. Ilikwenda na adabu, tupeni muda tuongee na wenye haki. Diplomasia ya mlango wa nyuma hiyo, na imemtoa mtu mzima. Tamko la Ulaya limemtoa nani?

#36 Wakili_Chumbageni
Ustadh usidharau, kelele nazo zina siku yake. Indonesia 2015 waliua wasafirisha unga wa nchi mbalimbali kwa risasi. Brazil na Uholanzi wakawaita mabalozi wao nyumbani Januari, Australia wakamwita wa kwao Aprili walipouawa Chan na Sukumaran. Wanaijeria walikuwa wengi kwenye hayo makundi na dunia haikuyakariri majina yao. Lakini yule mama Mfilipino, Mary Jane Veloso, aliondolewa kwenye orodha usiku uleule, na Desemba 2024 karudishwa kwao. Waaustralia watano waliobaki gerezani nao wamerudi mwezi huohuo, Mfaransa mmoja Februari 2025. Miaka tisa kumi ya kubembelezana.

#37 Msomaji_wa_Usiku
Na kelele zikishindwa? 2024 Iran walitangaza wamemuua Sharmahd, raia wa Ujerumani mwenye asili ya Iran. Ujerumani ikafunga balozi ndogo zote tatu za Iran nchini kwake, Frankfurt, Hamburg na Munich. Halafu Iran wakaja na lingine, eti alikufa kabla hawajamnyonga. Wairani wanaoishi kule ndo wakabaki na ubalozi wa Berlin tu wa kufanyia pasipoti.

Na lile la dawa. Ulaya 2011 wakazuia kuuza Marekani dawa za sindano ya kuulia. Majimbo yakakosa dawa, yakahangaika. Alabama Januari 2024 wakamuua mtu kwa gesi ya naitrojeni. Mmeokoa au mmebadilisha mlango?

#38 Fundi_Makorora
Naitrojeni tunaitumia kupimia mabomba ya friji kama yanavuja sie. Mungu wangu.

#39 Mgosi_wa_Kaya
Marekani ndo wananichekesha. Wao wenyewe wanaua, lakini Kongo ilipohukumu Wamarekani watatu kifo kwa lile jaribio la mapinduzi la 2024, Aprili iliyofuata wakabadilishiwa wakawa wa maisha, wakapakiwa ndege wakarudi kwao. Sasa hao walipinga kwa msingi gani? Hawana msingi, wana ndege.

#40 Kimanumanu
"Hawana msingi, wana ndege" naiweka kwenye kanga

#41 BiChuda
Wanangu mmesema mengi ya mabalozi, na mie niseme langu kidogo maana nimeona hapo juu mmewataja wabeba unga kama mnataja magunia.

Mtoto wa dada yangu yuko gerezani nchi moja ya Asia, siitaji. Alikwenda kununua nguo za duka, ndivyo alivyotuaga. Alihukumiwa kifo, baadae ikageuzwa maisha. Nani kaomba hatujui, hatukuita mtu, hatuna mtu. Tulijua kwa barua. Imefika bahasha imepigwa mihuri mitatu, ndani karatasi moja imeandikwa pande zote mbili hadi pembeni, kaandika kwa kubana maana wanapewa moja tu. Dada hajui kusoma, nikamsomea mie pale barazani, nilipofika kwenye neno lile nikaliruka. Nikasoma salamu za majirani. Dada akaniambia, rudi nyuma, umeruka. Alijuaje sijui.

Siku hizi anaandika kila baada ya miezi. Haombi pesa. Anaomba tumwandikie mvua imenyesha vipi, nani kazaa, Barabara ya 8 pale kwa muuza mihogo ya kukaanga kama yupo bado, na Coastal wako nafasi ya ngapi.

#42 Mgosi_wa_Kaya
Bi shikamoo. Nimekosa la kuandika.

#43 Wakili_Chumbageni
Shikamoo bi. Bi kwanza hakikisha wizara ya mambo ya nje ina jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti na jina la gereza, mpeleke kwa barua siyo simu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Anatakiwa kutembelewa na watu wa ubalozi, ni haki yake kwa mkataba uleule niliousema. Kuna padri mmoja wa magereza ya Hong Kong alikuwa anachapisha barua za wafungwa Watanzania wanawaonya wenzao wasibebe, watu wengi walijulikana wako wapi kwa njia hiyo. Kule angalau hakuna kifo. Nitakuandikia hiyo barua bi, bure, nitumie ujumbe pembeni.

#44 BiChuda
Marahaba baba. Ahsante. Pasipoti nakala iko kwenye sanduku la dada, nitaitafuta.

#45 Mnguu_wa_Kilindi
Shikamoo bi. Mimi ndo niliyesema msinifundishe huruma. Kwa mwanao huyo sina neno baya. Kwa yule wa kwetu bado sijui.

#46 BiChuda
Marahaba mwanangu. Wala usijilazimishe.

#47 Mwana_Pangani
Nimesoma zote. Jibu langu la #1 sijalipata, nina majibu sita yanagombana. Mwezi ujao naenda nyumbani, kuna bibi mmoja Bweni ng'ambo ya kivuko anasema na yeye ana mti wake wa Bushiri.

#48 chizi_wa_forodhani
Sasa ni miti mitatu. Kikao kikiendelea tutapata msitu

#49 Mgosi_wa_Kaya
Bi Chuda, kwenye barua mwandikie Coastal wanapambana, asikate tamaa.

#50 Kimanumanu
Bi usimdanganye kijana. Mwandikie nafasi halisi. Yuko jela, siyo mtoto.

#51 Mgosi_wa_Kaya
Basi mwandikie na ubingwa wa 1988 kwenye mstari uleule, vibalansi.

#52 BiChuda
Karatasi ni moja wanangu, mwaka huo alikuwa hata hajazaliwa. Nitaandika nafasi, na mihogo kwamba yule mzee hayupo, kaacha mwanawe wa kike, na pilipili kaongeza.